Vigae Vinane vya Troyeville

Simu ilinikuta dukani kwangu Randburg, nimepiga magoti mbele ya bibi harusi, pini tatu mdomoni, nikimpandishia pindo la gauni. Nilipoona jina la Shabani kwenye kioo cha simu nilijua si la heri, maana Shabani hanipigii. Tuliwahi kukaa nyumba moja ujanani, yeye mtu wa Dar es Salaam, mimi wa Tanga, na tangu tulipotawanyika tumekuwa watu wa kupungiana mikono tukikutana kwenye robot, zile taa za kuongozea magari, kisha kila mtu na njia yake. "Dada Zuhura," alisema, "Prof Célestin ametutoka. Jana asubuhi." Nilizitoa pini mdomoni moja moja. Nikamuuliza msiba uko wapi, ingawa nilikuwa najua. "Turffontein, nyumba ileile. Utakuja, au utapotea kama kawaida yako?" Nilimwambia nitakuja. Bibi harusi akaniuliza kama gauni limeharibika, kwa jinsi uso wangu ulivyokuwa.

Habari za wazazi wangu na za safari iliyonileta Johannesburg nitaziruka. Hazina sifa wala hatia katika jambo hili. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, katika nyumba ya zamani ya Troyeville yenye sakafu ya mbao iliyolia kila ulipokanyaga, na ukumbi mrefu mwembamba ambamo vyumba vilipangana kushoto na kulia mpaka jikoni. Jiko ndilo lilikuwa nyumba yenyewe. Lilikuwa na meza kubwa ambayo mguu wake mmoja ulikaa juu ya tofali, na dirisha lililotazama mabati ya mtaa wa Bertrams, na harufu ya sombe, kisamvu cha Wakongo, iliyochemka tangu asubuhi. Tulikuwa wapangaji wanane. Mkataba wa nyumba ulikuwa kwa jina la Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu, Kongo, mwanamke mnene wa vicheko ambaye aliweza kukusuka kichwa kizima huku akitazama televisheni, lakini hakuwahi kufundishwa kusoma. Shabani aliuza mikanda na saa mjini, na redio yake haikujua sauti ya chini. Mimi nilikuwa mgeni kuliko wote, msaidizi wa fundi cherehani. Wengine wanne walikuwa watu wa kutoka alfajiri na kurudi jioni. Na wa nane alikuwa Prof.

Kwao Bukavu alikuwa mwalimu wa historia na Kilatini katika shule ya mapadre. Huku alikuwa mlinzi wa usiku kwenye jengo la ofisi. Jumapili asubuhi alirudi na sare yake ya bluu, akavua kofia, akanawa uso kwa maji baridi, na badala ya kulala akaketi jikoni na daftari la shule lenye jalada gumu. Alikuwa anaandika kitabu. Alitaka Waswahili wapate, kwa lugha yao wenyewe, habari za Athene na Roma zikiwekwa pamoja, jinsi watu wale walivyotawalana, nani alihesabiwa kuwa mwananchi na nani hakuhesabiwa. Kiswahili chake cha kuandika kilinyooka. Cha mdomoni kilibaki cha Bukavu mpaka mwisho. Mimi nilikuwa namsomea kurasa kwa sauti ili asikie palipokwaruza, na kwa kazi hiyo nililipwa chai ya maziwa na maarifa. Shabani alisikiliza akipiga pasi shati. Mama Furaha alisikiliza akichambua majani ya mihogo. Yeye Warumi aliwajua kwa njia ya kanisani tu, na alishangaa kusikia kwamba walikuwa na wake, madeni na majirani wakorofi.

"Sasa mimi, Prof," nilimwuliza Jumapili moja, "huko Athene ningekuwa nani?"

Alinitazama juu ya miwani. "Wewe? Hakuna kitu, mwana. Mwanamuke, halafu mugeni. Athene unaweza kukaa miaka makumi tano, unashona nguo za mji muzima, unalipa kodi ya wageni kila mwezi, na lazima mwananchi mumoja asimame nyuma yako kukusemea. Mutoto yako, mugeni. Mujukuu, mugeni. Ili uitwe mwananchi, baba na mama wote wawili wawe wa palepale."

"Kama ofisi ya karatasi ya hapa," Shabani akadakia. Sote tulizijua foleni zile.

"Lakini ona tena," Prof akaendelea, kidole juu, "ule aliye ndani, yuko ndani kabisa. Fundi viatu na tajiri, kura zao sawasawa. Vyeo vingi wanachagua kwa bahati nasibu, kusudi hata masikini apate. Sasa twende Roma. Roma mulango ni mupana. Mutumwa akiachiwa huru na bwana mwananchi, anakuwa Murumi, na watoto wake Warumi wa kawaida. Voilà. Ila ukishaingia unakuta ngazi. Wanapiga kura kwa makundi, ya matajiri njo yanaanza, na wakipata wingi wanasimamisha kuhesabu. Masikini anarudi nyumbani hajafikiwa. Na kila asubuhi anapiga hodi kwa mukubwa wake kumusalimia, apate kikapu cha chakula."

"Kwa hiyo kote kubaya," nikasema.

"Kote kuko watu," alijibu, akachovya mkate kwenye chai.

Mazungumzo ya namna hiyo yalinifungua macho kuliko darasa lolote nililopita. Nilikuwa nimekuja mji huu nikiamini kwamba kuna watu wenye haki ya kuwa mahali na watu wasio nayo, na kwamba mambo hayo yameandikwa mbinguni. Prof alinionyesha kwamba yameandikwa na watu, mezani, baada ya kubishana, na kwamba mji mmoja uliandika hivi na mwingine ukaandika vile. Mpaka leo, nikisikia mtu anazungumza kwa uhakika mno juu ya nani ni wetu na nani si wetu, namkumbuka mzee yule na mkate wake.

Mambo mawili katika daftari lake tuliyapenda kuliko yote. La kwanza lilikuwa la Athene. Waathene, wakiona mji unamwogopa au umemchoka mtu mmoja, walikusanyika kila mtu na kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, akakwangua juu yake jina la amtakaye aondoke. Aliyepata vigae vingi alipewa siku kumi kufunga mizigo, akaenda uhamishoni miaka kumi. Hakushtakiwa kosa lolote. Mali yake ilibaki yake. Shabani alilipenda sana hili, akawa akimtania Mama Furaha kila mboga ikizidi chumvi: "Leo tunakupigia vigae!" Jambo la pili lilikuwa la Roma. Huko wadogo walipochoka kuonewa na wakubwa walijiwekea watetezi wao, na mtetezi hakuwa na jeshi wala mahakama. Alikuwa na neno moja. Serikali ikitaka kumwonea mtu, mtetezi alisimama akasema, "Nakataza," na shughuli nzima ikasimama. Kumgusa ilikuwa mwiko. Na mlango wa nyumba yake haukuruhusiwa kufungwa, mchana na usiku, ili anayeonewa asiukute na komeo. "Mulango wazi, hapa Joburg?" Mama Furaha alicheka mpaka majani yakamwanguka. "Eish, Prof, watakubeba wewe na kitanda!"

Kisha ukaja Julai. Asiyeujua mji huu hudhani baridi ya Afrika ni hadithi. Ndani ya nyumba ile tulivaa makoti kitandani, na maji ya bombani asubuhi yalikata vidole. Katika baridi hiyo alikuja wakala wa mwenye nyumba, akahesabu vitanda, akamwambia Mama Furaha kwamba mkataba unasema watu saba. Mmoja aondoke kabla ya Jumatatu ijayo, la sivyo wote. Hakupandisha sauti. Alijifuta viatu mlangoni alipotoka.

Wiki ile tulisalimiana kama watu wenye homa. Kila mmoja alijihesabu. Mimi nilijihesabu kuliko wote, kwa sababu nilikuwa wa mwisho kufika, na nilichokijua cha mji kilikuwa njia ya kwenda kwa fundi na kurudi. Kutolewa mle kulikuwa kulala nje. Nilianza kuosha vyombo ambavyo sikuvichafua. Nilimsifia Shabani saa zake. Kwa ufupi, niliwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa, nikaona haya, nikaendelea.

Jumapili mchana tulikusanyika jikoni wote wanane. Mama Furaha alisema yeye hawezi kuchagua, watu watamlaani. Prof akasema, kwa upole, "Basi tutumie bahati nasibu. Waathene wenyewe mambo mengi waliyaacha kwa bahati. Vijiti nane, kimoja kifupi, hakuna mutu atachukia mutu." Lau tungemsikiliza. Lakini Shabani alikuwa na pasi mkononi na hadhira mbele yake. "Bahati haina akili, Prof. Itamtoa hata mwenye mkataba. Sisi ni watu wazima, tuna midomo na tuna vichwa. Si wewe mwenyewe umetufundisha? Vigae!" Watu wakacheka, na kicheko kile kiliwapa nafuu, maana kwa wiki nzima hakuna aliyecheka. Mama Furaha akatoa sahani kubwa ya kaure iliyokuwa na ufa. Shabani akaifunga kwa taulo, akaigonga nyundo kwenye ngazi ya nyuma, akarudi na vipande. Kalamu haikushika kwenye kaure, kwa hiyo tulitumia rangi ya kucha ya Mama Furaha, nyekundu, chupa moja ikizunguka meza. Prof alikubali kuwa msimamizi. Alitukumbusha, kama anayesahihisha mtihani, kwamba Waathene walianza kwa kuulizana kama kura hiyo ipigwe au isipigwe. Akauliza. Mikono saba ilinyanyuliwa, na wangu ulikuwa mmojawapo.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimeshafikiri. Shabani siwezi kumwandika, atajua, atanisema mji mzima. Mama Furaha ndiye mkataba. Wale wanne hawajanikosea kitu. Nilitaka kura isiyomdhuru mtu, kura ya kupotea, na katika nyumba ile palikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakuna awezaye kumtaka aondoke. Niliandika PROF, nikageuza kigae kifudifudi. Moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa. Nilijiona hata mwerevu.

Hapo Mama Furaha akanisogezea kigae chake kwa kiwiko, akaninong'oneza, "Niandikie, mwana. Andika Prof."

"Kwa nini, mama?"

"Ule hakuna mutu atamuandika. Mimi sitaki kutesa mutoto ya mutu."

Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko dakika yoyote ya maisha yangu, na najua sitaibadili kwa kuirudia. Rangi ya kigae changu haikuwa imekauka. Kama wawili tumefikiri jambo moja, kwa nini wasiwe watano? Sikulihitaji daftari la Prof kuniambia hivyo. Nililiona wazi, kama unavyoona kitambaa kimekatwa vibaya kabla mkasi haujamaliza. Ningeweza kufuta jina. Ningeweza kusema, "Jamani, ngojeni." Lakini kufuta maana yake ni kuandika jina jingine, na kusema maana yake ni kuanza upya, na tukianza upya labda watamkumbuka mgeni wao. Nikachovya brashi, nikaandika PROF mara ya pili. Nilipoinua macho, Prof alikuwa ameketi mbele yangu upande wa pili wa meza, mikono amekunja, anatazama dirishani. Nilidhani anatazama dirishani.

Tulivitia kwenye sufuria ya ugali. Akavitoa yeye mwenyewe kimoja kimoja, akasoma kwa sauti ya darasani. "Prof. Prof. Shabani. Prof." Kwenye cha nne watu waliacha kucheka. "Shabani. Prof. Prof." Cha nane alikigeuza huku na huku, hakikuwa na kitu, na wote tulijua ni cha nani. Vitano. Akavipanga mezani kwa mstari, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sare. "Kuna mwenye neno?" aliuliza. Akangoja. Nasikia mpaka leo bomba lile likidondosha maji kwenye karo. Alingoja muda mrefu kuliko inavyohitajika, akitazama meza na si mtu. "Bon," akasema mwishowe. "Waathene walipewa siku kumi. Mimi nina mpaka kesho." Akainuka kwenda kukunja godoro.

Shabani alimpatia chumba cha uani Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi, na akambebea vitu. Daftari Prof aliondoka nalo. Tulidhani nyumba itapumua, kwa kuwa tulibaki saba na hakuna aliyelala nje. Badala yake jiko lilikufa. Kila mmoja aliwatazama wenzake akijiuliza ni nani hao wanne waliomchukia mzee yule kiasi hicho. Mama Furaha alianza kula chumbani. Redio ya Shabani ilinyamaza yenyewe. Kabla mwaka haujaisha tulishatawanyika wote, na mkataba uliotugombanisha ukarudi kwa wakala.

Nilikwenda kumwona mara moja tu, Desemba ya mwaka uleule, nimebeba kitambaa cha suruali kama kisingizio. Nyumba za mtaa ule zote zilikuwa na minyororo na mbwa. Geti la kwake lilikuwa wazi, limeegemezwa jiwe. Nilimsikia ndani akikohoa na kugeuza karatasi. Nilisimama pale mpaka mwanamke wa jirani akaniuliza namtafuta nani. Nikasema nimepotea njia, nikarudi zangu na kitambaa changu. Miaka iliyofuata aliniletea salamu kwa watu mbalimbali, na mimi nilizirudisha kwa watu haohao, na nikawa na kazi nyingi kila Jumapili.

Kwa hiyo nilifika Turffontein safari hii nikiwa mwanamke mwenye mvi chini ya mtandio, na geti bado lilikuwa limeegemezwa jiwe. Viti vya plastiki vilijaa uani. Wajukuu waliozaliwa hapa walipokea wageni, wakaelewa kila tulichosema na kutujibu kwa Kizulu. Baada ya maziko tulibaki wachache jikoni: Mama Furaha, sasa na fimbo, Shabani aliyenenepa na kupata upara, mimi, na mjane, Mama Neema, ambaye Prof alimleta kutoka Bukavu miaka miwili baada ya sisi kumtoa. Sombe ilikuwa mezani. Hakuna aliyekuwa anakula.

Shabani ndiye aliyeanza. Alisema anataka kutua mzigo mbele ya mjane. "Mama, mwaka ule mimi nilimwandika Prof. Wallahi si kwa chuki. Nilijua hakuna wa kumwandika, nikaona nisimuumize mtu." Mama Furaha alishika mdomo. "Hata mimi!" alisema. "Hata mimi, Shabani, vilevile! Kumbe miaka yote nawaza ni weye ulimuchukia." Wakatazamana, wazee wawili, na machozi yakawatoka pamoja na kitu kinachofanana na kicheko. Shabani alipangusa uso kwa kitambaa. "Basi ilikuwa bahati mbaya," akasema, na niliona mabega yake yakishuka. "Hakuna aliyejua. Mungu ni shahidi, hakuna aliyejua."

Ningeweza kutikisa kichwa na kuingia humo katika msamaha wao. Nafasi ilikuwepo, na ilikuwa na joto.

"Mimi nilijua," nikasema.

Nikawaeleza vigae viwili, rangi ambayo haijakauka, na jinsi nilivyonyamaza. Niliogopa kulala nje, nikasema, na nikamwacha yeye atolewe kwa niaba yangu. Mama Furaha alitaka kusema kwamba ni yeye aliyeniagiza, lakini Mama Neema alimgusa mkono.

"Alijua," mjane alisema. "Alikuwa mwalimu, dada. Maandishi ya mutoto anayasoma hata kichwa chini. Alinielezea hii maneno kitambo. Akasema, ule binti aliandika mara mbili, njo nikamungojea kidogo."

"Alinikasirikia?"

"Hapana. Alisema baridi ilikuwa kali, na ulikuwa mutoto. Aliuliza tu, mbona haji kunisomea daftari."

Sikuweza kumtazama. Shabani akauliza kilichokuwa moyoni mwangu: "Lakini mama, si angelisema yeye mwenyewe lile neno la mtetezi wa Roma? Alilijua kuliko sisi sote."

"Nilimuuliza vilevile. Akaniambia, lile neno mutu hajisemee. Anasemewa."

Kulikuwa kunaanza kuwa jioni, na taa za barabarani zilikuwa hazijawaka. Shabani ni mtu wa mji huu, ameibiwa mara nyingi, na mwili wake unajua saa ya kufunga milango. Akajiegemeza mezani, akainuka. "Ngojeni nikafunge lile geti," akasema, "tsotsi wasije wakatukuta hapa na msiba wetu."

"Nakataza," nikasema.

Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, mpaka walioko uani wakageuka. Shabani alisimama mkono ukiwa kwenye kitasa. Kisha akarudi taratibu, akavuta kiti chake, akakaa.